Taya Lenye Meno

Bibi Librada alikufa kibogoyo. Kijiji kizima kilijua hivyo, maana miaka yake ya mwisho alikula maharage ya kupondwa na mkate uliolowekwa kwenye chokoleti ya moto, na kila alipocheka alifunika mdomo kwa mtandio. Kwa hiyo asubuhi ile makaburini, Obdulia alipotoa taya kwenye sanduku la mifupa ya mama mkwe wake huyo na kuanza kulisugua kwa brashi, mkono wake ulisita.

Taya lilikuwa na meno. Meno yote, bila hata pengo moja, yamepangana kama punje za mahindi kwenye gunzi.

Makaburi yalijaa watu, kama kila mwaka Oktoba inapoisha. Huku familia ikisugua mifupa ya babu, kule nyingine ikikunja kitambaa kipya, na juu ya ukuta watoto wakila machungwa. Kwetu marehemu haji nyumbani mchafu. Husafishwa kwanza, akafungwa kitambaa kilichotariziwa jina lake, ndipo akaitwa.

"Wifi, umeganda?" Gaudencia, dada wa mumewe, alimchungulia begani. "Au unatafuta makosa ya utarizi wako? Hilo ua mbona kama buibui?"

"Nilikuwa nakuchora wewe, wifi."

Majirani wakacheka. Obdulia hakucheka. Alikumbuka kimbunga cha mwaka uliopita, masanduku yalivyoanguka kutoka kwenye vijumba vyao vya saruji, na yeye alivyookota mifupa mbiombio kwenye mvua, akihofia kusemwa iwapo kingepotea hata kidole. Akaangalia tena sandukuni. Chini kabisa lilikuwamo taya jingine, dogo, laini, lisilo na jino. Hilo ndilo la Bibi.

Basi hili lilikuwa la nani?

Angesema palepale, mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi wa Gaudencia ulikuwa mrefu, na kosa moja angelisimulia mpaka mwaka mwingine. Obdulia akayarudisha mataya yote mawili, akafunga kitambaa, akainamisha kichwa na kusema kama inavyosemwa siku zote: "Umeoga, umevaa. Njoo nyumbani, ule nasi."

Kando yake Gaudencia alikuwa akimfunga mpwa wake uzi mwekundu mkononi, kama wanavyofungwa watoto wote siku hizo. Neri, mtoto wa Obdulia, alikuwa na miaka sita, na meno yake mawili ya mbele ya chini yalikuwa yameng'oka majuzi tu.

"Lete mkono, kibogoyo mdogo. Umemrithi bibi yako kabla ya wakati. Na uzi huu usiuvue, marehemu wasije wakakudhania mwenzao wakaondoka nawe."

"Shangazi, mimi siondoki. Kuna kuku kesho kutwa!" Neri akajibu.

Jioni meza ya marehemu ilikuwa tayari: mishumaa, maua ya manjano, chumvi, maji, mkate. Ubani ulifuka. Asubuhi yake mkate ulikuwa umeng'atwa.

"Panya huyo," alisema Wilbert, mumewe.

Obdulia aliutazama mkate. Alama zilikuwa za mdomo wa mtu, safu nzima ya meno, juu na chini. Na kwetu hata mtoto anajua kwamba marehemu huchukua harufu na ladha tu. Mkate huuacha mzima.

Siku hiyo nyumba ilianza kunuka. Chini ya harufu ya ubani palikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa baada ya mvua, na kila Obdulia alipoipa meza mgongo alisikia kitu kikisaga polepole, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Akigeuka, kimya.

"Mama," Neri alinong'ona jikoni, "bibi anauma uzi wangu."

"Bibi yupi?"

"Yule mwenye meno."

Obdulia akamshika mkono. Uzi ulikuwa umelowa, umechakaa upande mmoja. Akamfunga mwingine juu yake, na bado hakumwambia mtu.

Kesho yake, siku ya marehemu watu wazima, wanaume walikuwa uani wakifukua shimo walimooka kuku aliyefunikwa kwa donge la unga wa mahindi, na ndani Bi Candita, mwanamke anayeongoza sala katika kila nyumba ya kijiji, alipiga magoti mbele ya meza. Alilitaja jina la Librada. Mara akageuza kichwa kama mtu aliyesikia mlango.

"Obdulia, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwita mmoja, wameitika wawili. Umemwalika nani?"

Obdulia alimtazama Gaudencia, akasema yote. Alingoja kejeli.

"Wifi, si ungeniambia tu!" Gaudencia alinong'ona. "Neri yuko wapi?"

Kiti cha mtoto kilikuwa kitupu. Chini yake zilikuwapo nyuzi mbili nyekundu, zimekatwa kwa meno.

Walitoka mbio, Obdulia mbele, wakiyafuata maua ya manjano yaliyomwagwa tangu mlangoni hadi makaburini ili kuwaongoza marehemu waje, nayo sasa yalikuwa yamekanyagwa na nyayo ndogo zilizokuwa zikienda na si kuja, na kando ya kila unyayo mdogo palikuwa na unyayo mkubwa usio na viatu, umejaa udongo mbichi, na jinsi walivyokaribia lango ndivyo ile sauti ya kusaga ilivyozidi, mpaka ikawa kana kwamba inatoka ndani ya vichwa vyao wenyewe.

Neri alikuwa ameketi mbele ya kijumba cha Bibi. Sanduku lilikuwa wazi, taya lenye meno liko mapajani mwake, na mdomo wake mdogo ulikuwa ukitafuna, ukitafuna, macho hayapepesi.

"Usimguse," alisema Bi Candita. "Zungumza na mgeni. Wewe ndiye uliyemwita."

Obdulia alipiga magoti. Alivua mtandio wake, akaulaza mavumbini.

"Hatulijui jina lako. Nilikuita bila kukujua, na kosa ni langu. Chukua kitambaa hiki, ni chako. Chakula chako kitatundikwa nje, langoni, kila mwaka. Lakini ndani kwangu usiingie, na huyu mtoto si wako. Niachie mwanangu."

Upepo ukatulia. Neri akakohoa, akakunja uso, akaanza kulia. "Mama, nataka kwenda nyumbani."

Obdulia alilifunga lile taya haraka ndani ya mtandio. Kidole chake kilipita mbele na kuzama mahali palipo wazi: meno mawili hayapo. Akapapasa mavumbini, hakuyaona.

"Meno ya zamani hudondoka," alisema Bi Candita. "Twende, jua linazama."

Walipofika nyumbani walitundika kibuyu cha chakula langoni. Ndani, mkate mpya ulibaki mzima. Nao walipokaa kula, yule kuku hakuwa na ladha hata kidogo, wala chumvi wala pilipili, na Wilbert akafumba macho kwa furaha. "Mama amekula," alisema. "Amekula, ameondoka salama."

"Chakula hakina ladha," alisema Gaudencia, "na kwa mara ya kwanza si kosa la mpishi!"

Wote waliangua kicheko, Obdulia naye, kifua kikimfunguka. Akamsikia na Neri akicheka, akageuka kuiona ile furaha aliyoikosa siku mbili.

Kwenye pengo la chini palikuwa na meno mawili. Mapana, yamelika, rangi ya gunzi kuukuu, na mashina yake yana udongo.

Neri aliona anatazamwa. Akaufunika mdomo kwa mkono, taratibu, kisha akamega mkate na kuutafuna polepole, kama mtu aliyeungoja miaka mingi.