Mikono Miwili ya Tima

Sogeeni, sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake aondoke. Leo tunapanda basi.

Basi lenyewe si la hivi hivi. Lilikuwa basi la ghorofa, la manjano, na huko juu halikuwa na paa. Kazi yake ilikuwa kuzungusha watu ufukweni Mombasa, watazame bahari na meli.

Tima alikuwa na miaka mitano. Alikaa juu kabisa, ubavuni mwa Babu yake.

Mbele ya kiti chao palikuwa na chuma cha kushikilia. Tima akakishika. Akakishika kwa mikono miwili.

"Babu, ni juu sana," akasema.

Babu akamwambia ashike chuma, ashike sana. Ataachia akitaka mwenyewe.

Ngrrr, ngrrr. Basi likaondoka.

Sasa, huyu Babu mnamwona hivi, na kofia yake na fimbo yake. Zamani alifanya kazi bandarini, kwenye boti iitwayo Kiboko. Kiboko alikuwa mfupi, mnene, mweusi tii. Lakini alivuta meli ndefu kama mtaa mzima, na wala hakulalamika.

Na aliyepiga honi ya Kiboko ni nani? Ni Babu.

Mboooo!

Watoto walisimama ufukweni wakampungia Kiboko, na Babu akawajibu kwa honi. Ila hakumjibu kila mtu. Watu wa Kiboko walikuwa na sheria yao.

Mkono mmoja, huyo anafukuza nzi.
Mikono miwili, huyo anatusalimu.

Babu alipostaafu, alihamia Voi. Voi ni pazuri, pana vilima na ndovu, lakini bahari hakuna. Sasa amekuja Mombasa siku moja tu. Kesho asubuhi anarudi kwake.

"Miaka yote ile nilikuwa nikipiga honi mimi," alimwambia Tima. "Leo nataka nipigiwe mimi. Mara moja tu, mama, nisikie."

Mbele ya basi alisimama Dada Kadzo, mwongoza wageni, ameshika kipaza sauti. Akawaonyesha ngome ya zamani. Akasema ina zaidi ya miaka mia nne.

Babu akamnong'oneza Tima kwamba pale chini ya ukuta ndipo alipoangusha kiatu baharini. Kiatu kipya, tena siku ya sikukuu. Akarudi nyumbani na kimoja.

Dada Kadzo akawaonyesha mnara wa taa. Akasema unaongoza meli usiku.

Babu akanong'ona tena. Pale ndipo Bibi alipokuwa akiuza mihogo ya kuchoma, kabla hajawa bibi wa mtu yeyote. Mihogo yenye ndimu na pilipili. Na kipande kikubwa kilikuwa cha nani? Cha Babu, tena bila kuomba.

Babu akacheka. Alizikumbuka sana siku zile.

Harufu ya mihogo ilikuwa bado ipo. Tima akaisikia, mate yakamjaa mdomoni. Lakini chuma hakukiachia.

Mara Babu akaketi wima. Kule majini, boti moja fupi, nene, nyeusi tii, ilikuwa inatoka bandarini.

Tuku-tuku, tuku-tuku, tuku-tuku.

"Kiboko," Babu akasema, taratibu, kama mtu aliyemwona ndugu yake.

Akainua mkono wa kushoto, akaupunga. Mkono wa kulia haukupanda. Bega lile liliumizwa na kamba ya meli zamani, na tangu hapo mkono hauvuki kifua.

Kiboko akapita. Tuku-tuku, tuku-tuku. Honi, kimya.

"Hawakuniona," Babu akasema.

Akaurudisha mkono mapajani. Hakusimulia tena habari za kiatu wala za mihogo. Tima akamtazama, roho ikamuuma.

Lakini Tima alijua, maana sheria ile Babu alishamsimulia. Walimwona, ila walidhani anafukuza nzi.

Mkono mmoja, huyo anafukuza nzi.
Mikono miwili, huyo anatusalimu.

Masikini Babu. Sheria ni yake mwenyewe, na ndiyo hiyo iliyomnasa.

Basi likafika kivukoni Likoni, likasimama. Watu wakashuka, wakanyoosha miguu, wakanywa madafu. Wakapanda tena. Ngrrr, ngrrr. Basi likageuka kurudi.

Na kule majini, Kiboko naye alikuwa anarudi. Nyuma yake alivuta meli nyekundu, kubwa, imejaa makasha mpaka juu.

Tima akatazama chini. Ni juu sana. Akamtazama Babu.

"Babu, nishike," akasema.

Babu akamshika kiunoni kwa mkono wake mzima. Akamshika sana.

Tima akaachia kidole kimoja. Akaachia cha pili. Upepo ukavuma, vuuu, akavirudisha vyote viwili.

Kiboko akakaribia. Tuku-tuku, tuku-tuku.

Tima akafumba macho. Akaachia mkono mmoja.

Mkono mmoja, huyo anafukuza nzi.

Akaachia na wa pili.

Akainyoosha juu, mikono miwili, mpaka mwisho wa vidole. Akaipunga, akaipunga, akaipunga.

Kwenye boti, mtu akachungulia dirishani. Akatazama basi la manjano. Akaiona mikono midogo miwili.

Mboooo! Mboooo!

Kiti kikatetemeka. Chuma kikatetemeka. Tumbo la Tima nalo likatetemeka, akafumbua macho, akacheka.

Babu machozi yalimtoka, na huku anatabasamu.

"Kumbe ndivyo inavyosikika," akasema. "Kumbe ndivyo watoto wale walivyokuwa wakisikia."

Njia nzima ya kurudi, Tima hakukishika tena kile chuma. Alikuwa na kipande cha muhogo mkononi, kipande kikubwa, alichonunuliwa na Babu basi liliposimama penye mnara wa taa, tena bila kuomba.

Jioni Tima akaoga, akala wali wake wa nazi, akaenda kulala. Hata hadithi hakungoja.

Babu akaingia kumfunika shuka. Akamkuta amelala chali, fofofo. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, kando ya kichwa, juu ya mto.

Basi sheria ni sheria. Babu akainama karibu na sikio la Tima, akamjibu, polepole, asimwamshe.

Mboooo.