Jiwe Linaloota Baharini

—Mawe inaota? Mzee Musafiri alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kama muhogo?

Nyuma ya pazia, Waridi alibana pumzi. Zuberi alikuwa amerudi Kasongo kutoka vita ya Wadachi, alikowabebea Wabelgiji mizigo mpaka Kilwa, pwani. Leo amekuja kumposa.

—Inaota, baba. Chini ya maji, na matawi yake. Samaki wa kila rangi wanalala ndani. Na kobe ya bahari, kubwa kama huu mlango, inapanda muchanga kutaga mayayi.

—Leta jiwe moja tuone!

—Sikuchukua. Ile fasi ya mawe iko mwiko, wazee wa pale wanailinda. Hawatupi nyavu, hawavunji tawi. Walinipeleka na ngalawa, nikaahidi, nikaangalia tu.

—Mwongo! Siku ile jiwe ya matawi itaingia mu nyumba yangu, nitakupa Waridi hiyo siku yenyewe. Wallahi! Mbele ya siku hiyo kufika, usikanyage hapa.

Majirani wote walisikia.

Haukupita muda, Abdallah, mchuuzi wa Nyangwe aliyefanya biashara mpaka pwani, akaposa, akakubaliwa. Siku ya harusi akaleta sinia: vitambaa, chumvi, na kitu cheupe chenye matawi.

—Maua ya bahari! alijitapa barazani. Wazee wa pwani walinikataza. Nikangoja wanasali, nikavunja!

Shangazi Subira akaingiza sinia ndani. Waridi akakiona kile kitu, akakigusa: jiwe, lenye matawi.

Mwalimu wa Kurani, aliyekuja kufungisha ndoa, akasimama mlangoni.

—Waridi binti Musafiri, unamukubali Abdallah?

Kwa desturi, binti akinyamaza amekubali. Wanawake walikwisha kujaza vifua kwa vigelegele.

—Hapana!

Vigelegele vikakwama kooni. Waridi akatoka, jiwe mkononi.

—Baba, hii iko na matawi ao haina?

—Iko nayo, lakini...

—Imeingia mu nyumba yako. Na uliapa.

—Abdallah ndiye ameileta!

—Ameiba wakati wenzake wanasali! Zuberi aliahidi wageni, akakubali kuitwa mwongo kuliko kuvunja neno. Mimi nilale nyumba ya nani, baba?

Abdallah akatafuta viatu vyake.

—Musafiri, mwalimu akasema, kiapo ni kiapo. Na bibi arusi amesema.

Mzee akaligeuza lile jiwe, akaligeuza tena.

—Subira! Mutu akamwite ule... ule mukwe wangu.

Zuberi akafika mbio na udongo wa shamba miguuni, akaozwa hivyohivyo. Safari hii vigelegele vilifika mtoni.

Na Musafiri? Kila mgeni akiingia, hata hajakaa:

—Wewe, unajua mawe inaota? Mukwe wangu aliona na macho yake!