Nilivyoliharibu Tumbo la Mutheu

Binti yangu Mutheu nusura afe, na si kwa uchafu wala uchawi. Mimi babake ndiye niliyemnywesha dawa ovyo. Nasema wazi ili nyinyi wazazi wa mitaa ya Nairobi, Huruma mpaka Donholm, msikie.

Nachinja mbuzi machinjioni Kiamaiko. Nilijivunia kwamba kwangu mtoto hakohoi mara mbili. Mafua kidogo, namtolea antibiotiki nilizonunua bila karatasi ya daktari. Tumbo likiunguruma, nyingine. Mke wangu Kavutha alinionya.

"Baba Mutheu, hizo si peremende."

"Kwani umewahi kuona mtoto wangu amelazwa?"

"Bado," akasema.

Mwezi wa tatu Mutheu akaanza kuhara. Nikampa tembe. Akazidi, nikaongeza. Siku ya nne ikatoka damu, na miguu ikakataa kusimama. Kavutha hakuniuliza. Alimfunga mgongoni, mtoto wa miaka minane, akashuka naye ngazi hadi hospitali. Mimi nikafuata nyuma, dawa zangu mfukoni.

Daktari Awiti alizitazama dawa zangu, kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Sasa mzee, mbuzi ukimjaza dawa anafanyaje?"

"Anaacha kucheua. Vijidudu vinavyomsagia majani vinakufa. Sisi humnywesha maji ya tumbo la mbuzi mwenye afya aliyechinjwa, vijidudu virudi."

"Na tumbo la mtoto ulidhani ni sufuria tupu?"

Akanieleza kwamba nasi tunaishi na bakteria wema, wanaosaga chakula na kuwazuia wabaya. Nilikuwa nimewafyeka wema, mbaya mmoja akatawala. Akasimamisha dawa zangu, akampa Mutheu inayomlenga huyo mmoja.

"Ila usituletee maji ya mbuzi hapa!" akasema. Wodi nzima ikacheka.

Leo naringa. Nina mke asiyengoja ruhusa ya mjinga kuokoa mtoto. Nina binti anayepanda ghorofa nne mbio. Na mimi, niliyeachia shule darasa la sita, nawafundisha wachinjaji wenzangu jambo hili bila haya.

Mafunzo

Tumbo la mtoto lina wenyeji wake, na ndio walinzi wake. Usimpe antibiotiki ambayo daktari hakumwandikia. Akiandikiwa, mpe kama alivyoelekezwa.

Ujinga wangu ulitugharimu hivi: siku kumi na tisa wodini. Kilo nne za mwili wa mtoto. Muhula mzima wa shule. Na miezi mitano kabla Mutheu hajakubali kupokea kitu chochote kutoka mkononi mwangu, hata kikombe cha maji.