Kilo ya Nazi si Kilo ya Alizeti

Kila asubuhi Mpika Sabuni alimwogesha mama mkwe wake, ajuza asiyeweza kutoka kitandani. Asubuhi hiyo ajuza alipiga ukelele.

"Unaniunguza! Nimekukosea nini, mwanangu?"

Mgongo ulikuwa umebabuka. Mume akaja mbio, akatazama, akageuka akatoka. Heri angetukana.

Sabuni ilikuwa mpya, ya kupika mwenyewe. Jana yake mteja mmoja alikuwa ameirudisha. "Hii ni ya kuogea au ya kuchunia mbuzi?"

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Leo kazi imemchuna mwalimu wake. Mpika Sabuni akabeba sufuria yake akaitupe, aache kazi kabisa. Mlangoni akakutana na jirani, mfanyakazi wa maabara aitwaye Shangazi Chupa, akamweleza yaliyotokea.

"Mgongo mmeumwagia maji?"

"Bado."

"Maji kwanza, mengi! Kisha zahanati. Kemia itatungoja."

Waliporudi, Shangazi Chupa akauliza, "Ulibadili nini?"

"Sikubadili kitu! Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, nilipima vilevile. Mafuta ya nazi yaliadimika, nikatia ya alizeti, kilo kwa kilo."

"Ndipo ulipojikwaa. Molekuli ya mafuta ni minyororo mitatu ya kaboni iliyofungwa kwenye glisaroli, ile gliserini ya dukani. Kostiki hukata vifungo. Mnyororo ukishika sodiamu ya kostiki, unakuwa sabuni. Glisaroli inabaki huru. Vitu vimeingia, vingine vipya vimetoka: huo ndio mmenyuko."

"Na kostiki?"

"Ikiwa kiasi, inaisha. Ikizidi, inajificha ndani ya kipande ikisubiri ngozi ya mtu. Minyororo ya nazi ni mifupi, kwa hiyo kilo moja ina mingi, na inamaliza kostiki nyingi. Ya alizeti ni mirefu, basi ni michache, na kostiki yako ikabaki."

"Kumbe ni mimi niliyemchuna."

"Ni wewe." Shangazi Chupa hakulipaka jibu asali.

Mpika Sabuni alijifunza upya. Alivaa glavu. Alipima kostiki kwa mizani, kila mafuta na kipimo chake. Aliacha vipande vikauke wiki nyingi. Kisha akaoga yeye kwanza. Hakuwashwa.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Ajuza hakuirudia sabuni. Kila asubuhi aligeukia ukuta, akaogeshwa kwa maji matupu. Kidonda kilipona; kimya hakikupona.

Siku moja akasema, bado ameutazama ukuta:

"Wewe sabuni hiyo unaiogea?"

"Kila siku, mama."

"Lete mkono."

Akaupapasa polepole, kiganja hadi kiwiko.

"Haya. Anza na miguu. Mgongo bado unaogopa."