Jina la Njambi Ukutani

Walikutana ngaziani, katika jumba moja la Moi Avenue ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tena. Njambi alivaa sketi ya kijani, viatu mkononi. Lenox alihema kama aliyebeba gunia.

"Unaenda ghorofa ya ngapi, msupa?"

"Ya saba. Na wewe umeshachoka ya tatu?"

Mapenzi ya mjini hayangoji lifti. Kufikia Krismasi walikuwa wakiitana beibe kwa simu.

Njambi alitunza kompyuta za kampuni ya bima, na Lenox akaajiriwa hapo kupima usalama wa mtandao. Alikuta huduma ya kizamani: ukiipa jina la mtu, bila nywila, inakuambia aliingia lini kwenye kompyuta za kampuni, na akiwa wapi. Akawaonyesha wakubwa, kwa projekta ukutani, inavyovuja. Alihitaji jina la mfano, akaandika lile alilolipenda.

Ukuta ukajibu: Njambi, Jumanne, kwa simu ya nyumbani, Uthiru.

Kuingia kutoka nyumbani kulikatazwa. Meneja Joash akamwambia Njambi ajieleze Ijumaa, la sivyo aende.

"Beibe, nilikuwa najaribu tu mtambo," Lenox alisema kwa simu.

"Kwa kazi ya nani? Mama yangu ni mgonjwa. Natengeneza kompyuta zao huku namgeuza kitandani, wewe unanianika kama shati."

"Jina lako ndilo lilikuja kwanza."

"Lingekuja la mamako."

Akakata. Lenox akapiga tena, akakatiwa tena.

Ijumaa Njambi alikuja kikaoni na suti nyeusi, hakumsalimia Lenox.

"Bwana Lenox, andika Joash."

"Hiyo haihusiani," Joash akasema. Yeye ndiye aliyetia sahihi mikataba ya Lenox.

Lenox akaandika. Ukuta haukujua cheo cha mtu: Joash, jana asubuhi, kwa simu ya nyumbani, Mountain View.

Mkurugenzi wa kampuni alivua miwani. "Zimeni hicho kitu. Njambi, rudi kazini. Joash, baki."

Mkataba mpya aliokuwa akiutarajia Lenox ulifia hapo.

Jumamosi alikuwa jikoni kwa Njambi, Uthiru, mikono ya shati imekunjwa, akimenya viazi.

"Bado umenikasirikia?"

"Sana. Na umenye maganda membamba, unatupa nusu."

"Njambi, nikuoe?"

"Niulize siku sina hasira."

"Hiyo ni lini?"

Akamsukumia karai la pili kwa mguu.

"Ukimaliza hivi, kuna vitunguu."