Ruta Chini ya Kitambaa cha Mama

Kila siku akitoka shule, Kitinda alikuwa na kazi tatu za kumaliza kabla baba yake hajarudi: kufagia sebule, kupanguza vumbi na kubandika maji ya chai. Walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyezaliwa mwisho. Mbele yake alikuwepo Dada peke yake, na Dada alikuwa mbali, kwenye chuo cha uuguzi, safari ya siku mbili kwa basi.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Jioni alirudi na mikono myeusi kwa grisi, akainawa kwa sabuni ya unga hadi viwikoni, kisha akaketi na kuunyoosha mguu wa kulia, ule wenye goti lililopasuliwa hospitalini. Saa kumi na mbili Dada alipiga simu ya video. Tangu Mama afariki, miaka miwili iliyopita, haikupita jioni bila sura ya Dada kuonekana kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai.

Lakini sasa ilikuwa wiki ya tatu sura hiyo inakuja vipandevipande.

“Shikamoo, Ba…” alianza Dada jioni moja, halafu akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

“Marahaba. Hebu mwone dada yako,” Baba akasema. “Kama mtu anayetafuta chafya haimjii.”

Kitinda akacheka kidogo. Kaduara ka kusubiri kakazunguka kwenye kioo, kakazunguka weee, kisha simu ikakatika.

Baba hakutania tena. “Jumamosi anavishwa kofia ya uuguzi. Kupanda basi nimekatazwa na daktari kwa ajili ya hili goti. Chuo kitaonyesha sherehe kwenye intaneti, na mimi nitaangalia kaduara? Mama yenu hakujaliwa kuiona siku hiyo. Nami nisipoiona, nani kwetu atakuwa ameiona?”

Akaichukua simu, akapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya mtandao. Wakampigia muziki. Akasubiri mpaka chai ikapoa.

“Hii ni siku ya sita nalalamika!” akafoka alipopokelewa. “Wakubwa wenu wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, wanapulizwa na kiyoyozi, hawajui shida ya mtu wa chini! Siku ya kulipa nikichelewa saa moja mnanikatia. Mnaponikosea nyinyi, naambiwa niwe na subira!”

Kitinda aliinamia kikombe chake. Kila neno la Baba lilimchoma, kwa kuwa alijua jambo ambalo Baba hakulijua.

Wiki tatu nyuma, akipanguza vumbi huku akicheza na mpini wa ufagio, aliikumba ruta, kile kifaa cha kusambaza mtandao nyumbani, iliyokuwa kwenye rafu ya ukutani. Ikaanguka sakafuni pwaa! Taa zake ziliendelea kuwaka, ila antena moja ilivunjika shingo ikabaki inaning'inia. Kitinda aliifunga kwa utepe wa gundi, akaitia ruta ndani ya kabati la bati lenye vikombe vya harusi, akaifunika kwa kitambaa kizito ambacho Mama alikifuma kwa mkono wake.

Jioni ile Baba alifungua kabati akakuta ruta imefunikwa.

“Umeiweka humo isipate vumbi?”

Kitinda akaitikia kwa kichwa.

“Kama mama yako kabisa,” Baba akasema polepole. “Kila kitu cha thamani alikifunika.” Akamshika bega, macho yamemlowa. Tangu siku hiyo Kitinda hakupata pa kuanzia. Angeanzaje kumwambia mtu aliyemtazama namna ile?

Siri hiyo alimwambia rafiki yake mmoja tu, jirani ambaye darasa zima lilimwita Kasuku kwa kuongea.

“Nyamaza zako,” Kasuku akamshauri. “Si kampuni ndiyo inasemwa? Kampuni haina mgongo, haitachapwa.”

“Na Jumamosi je?”

Kasuku akaaga, akaenda zake kwao.

Fundi wa mtandao alifika Ijumaa alasiri, siku ya tisa tangu Baba aanze kulalamika. Alikuwa binti wa umri wa Dada hivi, amebeba ngazi begani na begi la vifaa mgongoni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kumbe mpo! Nilidhani mmehama nchi.”

Fundi akatabasamu kidogo, akaanza kazi. Alipanda ngazi nje akakagua waya unaoingia ndani. Akaingia, akachomeka kompyuta yake kwenye kiboksi cha ukutani, akasubiri namba zipande.

“Baba, laini ni nzima. Hapa ukutani kasi inafika yote mnayolipia. Inapotelea humu ndani. Ruta iko wapi?”

“Kabatini. Na usiiguse. Kitambaa hicho alikifuma marehemu mke wangu.”

“Pole sana, baba. Nitakitoa taratibu.”

“Hakitolewi! Nawajua nyinyi. Mmetumwa kuja kuhamisha lawama. Mkubwa wako kakwambia, kamwambie mzee kosa ni lake!”

Fundi hakupandisha sauti. “Imo humo tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Na mtandao ulianza kusumbua lini?”

“Wiki hizohizo,” Baba akasema. “Lakini imetokea tu.”

“Mimi sikulazimishi. Ila leo ni Ijumaa, baba. Nikiondoka sasa, siwezi kurudi hadi Jumatatu.”

“Basi muulize mwanangu!” Baba akamgeukia Kitinda, uso umelainika kwa fahari. “Mwambie, mama, kwa nini uliiweka humo.”

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi: vumbi. Lingetoka jepesi tu, Baba angetabasamu, fundi angekunja ngazi yake, na kesho Dada angevishwa kofia nyuma ya kaduara. Kitinda aliishika meza.

“Niliivunja, Baba.”

“Nini?”

“Niliiangusha nikicheza na ufagio. Antena ikavunjika, nikaificha. Sikuifunika kwa ajili ya vumbi. Niliogopa. Halafu ukasema nimekuwa kama Mama, nikashindwa kabisa.” Akaanza kulia.

Baba akaenda kabatini akichechemea, akafungua mlango, akakiinua kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne. Alipoigusa ruta aliutoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi.

“Haya, binti,” akamwambia fundi, sauti imeshuka. “Fanya kazi yako.”

Fundi akaitoa. “Ikifunikwa inapata joto, na ikipata joto inapunguza mwendo, hata kujizima. Na hili kabati la bati linayazuia mawimbi yake yasitoke.” Akafungua antena iliyovunjika kwa kuizungusha, akafunga nyingine kutoka kwenye begi, akairudisha ruta kwenye rafu yake, akaizima na kuiwasha. Kisha akazunguka nyumba nzima na simu yake, hadi jikoni. “Sasa inatiririka.”

Baba alijikuna kichwa. “Nisamehe, binti. Nimekufokea bure.”

“Nimeshasahau, baba. Lakini zile siku tisa za kukusubirisha ni zetu. Hizo waambie wakubwa bila kuogopa.”

“Hizo siwaachii!” Baba akasema, na wote watatu wakacheka.

Jumamosi saa nne asubuhi, Baba alivaa shati lililopigwa pasi, akaketi mbele ya simu kana kwamba yumo ukumbini. Jina la Dada liliposomwa, alisimama kwa goti lake bovu. Kofia ikavishwa. Picha haikuganda hata mara moja. Baba alijifuta macho, akamvuta Kitinda ubavuni.

“Mwanangu, ukivunja kitu, niambie siku hiyohiyo. Nitafoka, mdomo wangu unaujua, lakini nitamaliza. Jambo ulilolificha haliishi. Lilikuwa linakaribia kutunyima siku hii. Na mimi nimejifunza: nisikimbilie kulaumu watu kabla sijaangalia ndani ya nyumba yangu.”

“Bado niko kama Mama?”

“Jana ndipo ulipofanana naye zaidi. Mama yako hakuwahi kunidanganya.”

Simu ikalia. Ni Dada, uso wote, kofia kichwani.

“Baba! Umeniona?”

“Nimekuona? Nimekuona mpaka kifungo cha pili ulichokiruka. Kifunge, watu wasiseme huna kwenu!”