Hud na Jua la Saa Sita

Kule Tabora, Hud aliitwa Mwarabu. Watoto wa mtaani kwao walimwita Mwarabu. Mwalimu wa hesabu alimwita Mwarabu. Hata mbuzi wa jirani, kama wangejua kusema, wangemwita Mwarabu. Sababu ni babu yake. Babu alitoka Ibra, katika nchi ya Oman, akafungua duka Tabora, akazeeka huko na kuzikwa huko.

Hud alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anangoja majibu ya mtihani. Pasipoti ya Oman alikuwa nayo kwa sababu ya babu. Basi binamu yake Nasr, anayefanya kazi ofisini Maskati, akamwandikia barua: "Njoo miezi mitatu. Utafanya kazi ya tende, na utaiona nchi ya babu. Ni kama likizo."

Hud akapanda ndege peke yake. Ilikuwa Julai, mwaka 1996.

Alipofika Ibra, jina likabadilika siku ile ile. Hapa hakuna aliyemwita Mwarabu. Walimwita Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar. Na Zanzibar yenyewe Hud alikuwa ameiona kwenye ramani tu!

Nasr alimwonyesha chumba pembeni mwa shamba la mitende. Kilikuwa na godoro, jagi la maji na feni.

"Nitakuja Alhamisi," Nasr alisema, akarudi Maskati.

Hakusema Alhamisi ipi.

Kazi ilianza baada ya sala ya alfajiri. Kuna aina ya tende ambayo haingojwi iive mtini. Hukatwa ikiwa bado ya manjano, ikachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha ikaanikwa juani mpaka ikauka. Kazi hiyo huitwa tabsil. Wanaume wanachochea moto kwa magogo ya mitende. Wengine wanabeba makapu. Moto uko mbele, jua liko juu, na ardhi nayo inachoma miguu. Hud alisema moyoni: kumbe na mimi napikwa.

Msimamizi wa kazi aliitwa Yaarub. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani minene na Kiswahili cha kuungaunga. Ikifika saa nne asubuhi, Yaarub alipiga makofi.

"Khalas! Jua hilo! Kila mtu kwao! Turudi saa kumi!"

Na kweli, kila mtu alikwenda kwao. Baada ya dakika kumi shamba lilibaki tupu. Milango ikafungwa. Nyuma ya kuta Hud alisikia sahani, watoto na vicheko. Baadaye vyote vikanyamaza, kwa sababu watu walilala.

Hud hakuwa na kwao karibu. Aliingia chumbani. Alikula mkate na samaki wa kopo. Alilala chali akaitazama feni. Feni haikuleta baridi, ililizungusha joto tu ili pande zote zipate sawasawa.

Siku ya tatu alimwambia feni, "Habari za mchana?"

Siku ya nne aliona aibu, akaacha kumsalimu.

Siku ya tano hakuingia chumbani kabisa. Watu walipoondoka, alibaki kwenye uwanja wa kuanikia. Alibeba kapu baada ya kapu, akatandaza tende peke yake. Jua la saa sita lilikuwa kichwani kama sufuria nyingine.

Saa kumi Yaarub alirudi, akashangaa.

"Hii tende nani kaweka?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Mapema."

"Weye mchana hulali?"

"Nalala sana, bwana Yaarub."

Yaarub alitikisa kichwa. "Labda nyie watu wa Afrika joto hamsikii," akasema, akaenda kuwasha moto.

Hud alifurahi. Alidhani amesifiwa.

Ijumaa alikwenda kwenye simu ya barabarani na kadi yake. Mama yake alikuwa anangoja dukani kwa jirani, Tabora.

"Mwanangu! Uko na nani huko?"

"Ndugu wengi mama, mpaka majina yananichanganya."

"Alhamdulillahi! Mimi nilikuwa silali."

"Lala tu, mama."

Alikata simu. Kadi ilikuwa na dakika tele, lakini uongo ulikuwa umemwishia.

Jumatatu iliyofuata, joto lilizidi. Hud alibaki tena peke yake. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi. Jagi lake la maji lilikuwa chumbani, na chumba hakutaka kukiona. Akajiambia: kapu moja tu, kisha nitakunywa. Akabeba la pili. Akabeba la tatu. Misuli ya miguu ikamkaza. Akataka kutapika. Miti ikaanza kuzunguka kama ile feni. Akapiga magoti, akaanguka juu ya tende.

Hakukuwa na mtu wa kumwona. Mitende, kama mjuavyo, haipigi kelele.

Bahati ni kwamba Yaarub alikuwa amesahau miwani yake juu ya gunia. Alirudi kuifuata, akaona kitu kimelala uwanjani. Kwanza alidhani ni kapu. Alipovaa miwani, kapu likawa na miguu.

"Ya Rabbi! Hud! Ya walad!"

Alimburuta mpaka kwenye kivuli cha ghala. Akamvua kofia, akamfungua vifungo, akamwagia maji ya pipa mwili mzima. Hud akafungua macho, akaguna. Yaarub akambeba mpaka kwenye gari, akamkimbiza kituo cha afya.

Pale palikuwa na muuguzi, jina lake Kaltham. Alizaliwa Zanzibar, akaletwa Oman akiwa mdogo. Alimlaza Hud kitandani, akamwekea vitambaa vya maji shingoni na makwapani, akawasha feni kubwa. Daktari akampima, akasema, "Amewahi. Apoe, na anywe." Kaltham akakaa karibu na kikombe.

"Kunywa. Kidogo kidogo. Jina lako nani?"

"Hud."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Jumatatu. Haya, jina umelipata, siku umeikosa. Mara ya mwisho kunywa maji lini?"

"Asubuhi."

"Na kukojoa?"

Hud akatazama ukuta.

"Mdogo wangu, mie ni muuguzi. Haya zako mpelekee mchumba."

"Jana jioni."

"Rangi yake?"

"Kama chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

"Lo! Hiyo ni figo inakulilia. Mkojo ukiwa mweupe au wa manjano kidogo, maji yanatosha. Ukiwa kama chai, umechelewa. Na kiu usiingoje. Kiu hufika nyuma ya hatari. Kwenye kazi ya jua, kila robo saa kikombe, utake usitake. Na chakula chako kiwe na chumvi. Sasa niambie, saa sita ulikuwa ukitafuta nini uwanjani?"

"Nilitaka waone kwamba mimi ni Muomani."

Kaltham akaweka kikombe chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Muomani! Toka nje sasa hivi, unitafutie Muomani mmoja barabarani. Wote wamelala! Karne na karne tunaishi na jua hili. Unadhani tulilitunishia kifua? Tulilikimbia, mdogo wangu! Aliyebaki nje saa sita ni mgeni na punda. Na punda yupo kivulini."

Yaarub, aliyesimama mlangoni, akacheka pia. Hud akajaribu kucheka, kichwa kikamkataza.

"Na sababu ya pili?" Kaltham akauliza.

"Nani kasema ipo ya pili?"

"Uso wako."

Hud akasema polepole, "Kile chumba, dada. Saa nne kila mtu anakwenda kwake, nasikia wanavyocheka. Mimi nakwenda kwa feni. Bora jua."

Kaltham hakucheka tena. Alimnywesha, kisha akasema, "Sikiliza. Joto likianza kumshinda mtu, haliji na ngoma. Kichwa kinauma, miguu inakaza, unachefuka, unaona kizunguzungu. Wa karibu yako huona kabla yako. Atakutoa kwenye jua, atakulegeza nguo, atakumwagia maji na kukupepea. Ukiweza kumeza, atakunywesha maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ukianza kusema ovyo au ukizimia, asikutie kitu kinywani. Akumwagie maji, na akukimbize hospitali saa ile ile, maana hapo ni kufa na kupona. Sasa peke yako, nani angekuona leo?"

"Bwana Yaarub."

"Yaarub alifuata miwani."

"Wallahi, miwani tu," Yaarub alisema. "Macho yangu yangekuwa mazuri, weye leo maiti."

Hakuna aliyecheka. Hud akachukua kikombe, akanywa bila kuambiwa.

Kaltham akageuka mlangoni. "Yaarub, kijana huyu mchana hula wapi?"

"Sijui."

"Siku kumi unafanya naye kazi, hujui?"

"Nilidhani yuko kwa Nasr."

"Nasr yuko Maskati!"

Yaarub akatazama viatu vyake. Hapo ndipo Hud alipojua kwamba muuguzi huyu ni mke wake. Mwanamume hatazami viatu vyake namna ile mbele ya mke wa mtu mwingine.

"Mgeni katika joto," Kaltham aliendelea, "siku za mwanzo hupewa kazi kidogo, anaongezewa taratibu kwa wiki mbili. Mwili hujifunza. Nyie mmemtia sufuriani siku ya kwanza. Na weye Hud, kosa lako ni kusema 'nalala sana' wakati hulali. Ukiwa ugenini, mtu mmoja lazima ajue uko wapi na una hali gani. Mmoja tu. Kumwambia mtu 'niko peke yangu' si kuomba sadaka."

Baada ya siku tatu za kupumzika, Hud alirudi kazini, kwa saa mbili tu kwanza. Saa nne Yaarub alipiga makofi, akamshika mkono. "Yalla. Nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na mama yake Yaarub, Bi Ghaniya. Alikulia Zanzibar mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye uliyechemshwa pamoja na tende?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi kaa, tukuanike kivulini."

Hud alikula wali na samaki, akalala sebuleni kati ya wanaume waliokoroma kwa Kiarabu. Siku ile aligeukia ukuta, akalia kidogo bila sauti. Usiku bado alirudi chumbani peke yake, na Tabora bado ilikuwa mbali. Hilo halikuondoka kwa sahani moja ya wali.

Ijumaa alimpigia mama yake. "Mama, nilikudanganya. Sikuwa na mtu. Niliugua kwa jua, sasa nimepona."

Mama akasema, "Nilijua. Ulikuwa unasema haraka mno. Sasa nitajie wanaokulisha, niwaombee dua."

Akawataja, mmoja mmoja.

Pale shambani mambo yakabadilika. Mtungi mkubwa wa maji ukawekwa kivulini, na kikombe kikazunguka kila robo saa. Watu wakafanya kazi wawili wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mfanyakazi mpya hakupewa kapu zito wiki ya kwanza. Msimu ule hakuanguka mtu mwingine.

Siku moja mwezi Agosti, lori la kuchukua magunia lilipata pancha. Hud alibaki na dereva kivulini mwa ghala, na chupa ya maji mkononi. Saa nne ikapita. Ikapita robo saa.

Ghafla, kwenye njia ya shamba, alitokea mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli alikuwepo Bi Ghaniya, anakwenda mbio kwa miguu yake mibovu. Nyuma yake Yaarub alikimbia huku anafunga kilemba.

"Hud! Hud yu wapi? Hud!"

Jina lake lilipita juu ya mitende, likagonga kuta za jirani. Dirisha moja likafunguliwa. Hud alisimama. Tangu afike Oman hakuna aliyekuwa amemtafuta.

"Niko hapa, bibi!" akaita.

Bi Ghaniya alimfikia akihema. Akamgusa paji la uso, akaangalia chupa ya maji, akamkagua kama samaki wa sokoni. Alipoona ni mzima, akakasirika.

"Ebo! Robo saa nzima! Tumekaa na sinia katikati, hakuna aliyetia mkono! Wali wenyewe umepoa, na mie siupashi. Utaula hivyo hivyo baridi, upate adabu!"

"Nisamehe, bibi."

"Sikusamehe. Ingia mwavulini."

Wakarudi wote watatu, Hud ameinama chini ya mwavuli mdogo, Yaarub juani. Walipofika, Bi Ghaniya akaenda moja kwa moja jikoni.

Akaupasha.